Shule ya farasi kule Karen: maoni ya fundi wa ngozi na baba wa mwanafunzi

Majirani zangu wa soko la Kariokor hapa Nairobi wakisikia kwamba nampeleka binti yangu mtaa wa Karen kupanda farasi, huniuliza nimeokota wapi pesa. Ni swali halali, na nitalijibu kwa shilingi kabla sijamaliza. Ila kwanza nataka ujue tunalipia nini. Anayedhani analipia mtoto aketishwe juu ya mnyama mkubwa apigwe picha ataona bei ile ni wizi, na nitamuunga mkono.

Shule ni ndogo. Unashuka kwenye matatu ya namba 111 kabla ya kufika Ngong, halafu unatembea au unachukua boda kwenye barabara ya udongo mwekundu hadi kwenye lango la mbao. Kuna mwalimu mkuu, mama wa makamo, vijana wawili wanaomsaidia, masaisi, yaani watunza farasi, na farasi wachache ambao kila mmoja jina lake limeandikwa juu ya mlango wa banda lake. Mwenye shule aliniruhusu niandike mazuri na mabaya, akaomba tu nisiitaje kwa jina, maana watoto wanaongoja nafasi wamekuwa wengi kuliko farasi. Nimemheshimu. Mengi nitakayosema unaweza kuyakagua mwenyewe popote utakapompeleka mtoto.

Jambo moja liwe wazi mapema. Mimi ni fundi wa ngozi: mikanda, viatu, mikoba, na chochote cha ngozi kinacholetwa kimekatika. Pale nilifika kwa kazi, walipotafuta mtu wa kuwashonea mikanda ya matandiko, na mpaka leo ni wateja wangu. Kazi yangu wanailipa kwa bei yangu, na masomo ya binti yangu nayalipa kwa bei yao kama mzazi mwingine yeyote.

Basi nianze na ninachokijua. Ukitaka kupima kama mahali pa farasi panajali uhai wa mtoto wako, acha maua ya langoni, omba uonyeshwe chumba cha matandiko. Shika mkanda wa tumbo, ule unaolifunga tandiko lisiteleze. Ukunje pale unapopita kwenye bizimu. Ngozi ikionyesha nyufa, au ikilia kama karatasi, mchukue mtoto mwende zenu. Kisha tazama mshono. Tandiko la kuaminika hushonwa kwa mkono, uzi mmoja wenye nta na sindano mbili, kila sindano ikipita tundu lile lile kutoka upande wake. Mshono huo uzi ukikatika mahali pamoja, sehemu iliyobaki hushika. Mshono wa cherehani ukikatika, huanza kufumuka wote. Pale nilikuta ngozi laini, imefutwa jasho na kupakwa mafuta, na ile iliyochakaa ilikuwa imetengwa kwenye ndoo ikinisubiri. Hakuna aliyeirudisha kwenye kazi kwa siri.

Kuna kingine kilichonifanya niwaamini. Farasi kwa kawaida hupandwa kutoka upande wake wa kushoto, kwa hiyo mkanda wa kikuku cha kushoto, kile mpandaji anachokanyagia, hubeba uzito wote wa mtu kila anapojivuta juu. Ngozi hurefuka. Baada ya muda mkanda wa kushoto unauzidi wa kulia, na mtoto anapanda akiwa ameinama upande bila mtu kujua kwa nini. Niliponyoosha mkanda wa kushoto na wa kulia sambamba mezani kwangu, vilikuwa sawasawa. Nikauliza. Saisi mzee wa pale akaniambia huwa anaibadilisha, wa huku aupeleke kule, na kwamba watoto wote hupandia kwenye ngazi ya mbao ili mkanda usivutwe sana na mgongo wa farasi usiumie. Na kile kichuma kinachoshikilia mkanda wa kikuku kwenye tandiko wanakiacha wazi, ili mtu akianguka na mguu wake umenaswa, mkanda uchomoke wenyewe asiburutwe. Mtu anayejishughulisha na mambo hayo ambayo hakuna mzazi anayeyaona, huyo ninaweza kumwachia mtoto.

Sasa habari za mtoto mwenyewe.

Binti yangu yuko Gredi ya 6. Tulimhamisha shule, na sauti yake ilibaki kule alikotoka. Mwalimu wake mpya aliniambia kwamba kwenye karatasi anajua kila kitu, lakini akiulizwa mbele ya wenzake anatazama dawati hadi swali lipite kwa mwingine. Dukani alikuwa ananyoosha kidole badala ya kusema anachotaka. Shangazi yake alinituliza, akasema ni umri, yatapita. Mimi sikutaka kungoja yapite.

Siku aliyofika pale kwa mara ya kwanza alikuja kunisaidia kubeba mikanda tu. Saisi mzee alimwona anavyomtazama farasi mmoja jike wa rangi ya kijivu, anaitwa Zabibu, akamwita asogee. Kabla hajafika akamsimamisha.

"Mjukuu wangu, huyu anaona karibu pande zote," akamwambia. "Macho yake yako pembeni ya kichwa. Lakini kuna mahali pawili haoni: mbele kabisa ya pua yake, na nyuma ya mkia. Ukipita nyuma bila kusema kitu, atadhani ni adui, na atapiga teke. Kwa hiyo hapa kwetu mtu hapiti nyuma kimya. Mwambie uko hapo."

Binti yangu akasema kitu ambacho hata mimi niliyekuwa ubavuni pake sikukisikia.

"Babu, amesikia?"

"Masikio yake yanaangalia wapi?"

"Mbele."

"Basi bado."

Akasema tena, kwa sauti ya juu kidogo. Masikio yakabaki mbele. Mzee hakumhimiza, hakumcheka, wala hakumsemea. Alikuwa anasugua kikombe chake cha chai kwa kidole gumba na kungoja. Mara ya tatu binti yangu alivuta pumzi akasema, kwa sauti ya mtu anayeita nyumba ya jirani, "Zabibu! Niko nyuma yako!" Sikio moja, la kushoto, likageuka taratibu hadi likatazama nyuma, likakaa hapo. Mzee akasema, "Sasa pita. Weka mkono mgongoni mwake, upite."

Miaka miwili tulikuwa tumemwambia mtoto huyo "ongea kwa sauti, usiogope." Tulikuwa tunamwomba aache woga, na woga hauachwi kwa kuombwa. Pale hakuna aliyegusa habari ya woga wake. Aliambiwa kuna mnyama wa kilo mia nne na hamsini anayehitaji kujua uko wapi, kwa usalama wake na wako, na kwamba akikusikia sikio litageuka. Sauti ikawa kazi yenye sababu, na jibu lake linaonekana kwa macho. Ndiyo maana naandika maoni haya: nimeona shule nyingi na wahubiri wengi wanaouza kujiamini kwa maneno, na hapa nimeona mahali ambapo kunajengwa kwa namna ninayoweza kuieleza fundi kwa fundi.

Masomo yenyewe hayaanzi juu ya tandiko. Wazazi wengine hulalamika kuhusu hili, na nawaelewa, maana saa inahesabika na pesa imeshatoka. Mtoto mgeni hutumia vipindi vyake vya mwanzo chini: kupiga brashi, kuongoza kwa kamba, kusafisha kwato. Kwato ndizo zilizomshika binti yangu. Unasimama ubavuni mwa farasi ukitazama mkia, unapitisha mkono kuanzia begani ukishuka hadi kwenye kifundo, unabana kidogo, na unasema "mguu." Kisha unangoja. Farasi mwenye adabu huhamishia uzito kwenye miguu mingine mitatu na kukupa ule wa nne. Ukikimbilia kuvuta, anaukaza, na hakuna mtoto wa darasa la sita, wala baba yake, awezaye kuuinua kwa nguvu. Ndani ya ukwato kuna sehemu laini yenye umbo la pembetatu, nayo haichokolewi kwa chuma, unazunguka pembeni yake ukitoa matope na vijiwe. Nilimtazama binti yangu akifanya hivyo, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, akinuka farasi kuanzia nywele hadi viatu, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa nimemwona amezama hivyo katika kitu kisicho na skrini.

Somo la kurudi nyuma lilichukua muda. Unasimama mbele kidogo, pembeni ya kichwa, unaweka kiganja kifuani mwa farasi na kusema "nyuma." Binti yangu alikuwa anasema "nyuma, nyuma, nyuma, nyuma," kwa haraka, na Zabibu akawa anatafuna tu. Mwalimu akamwambia: sema mara moja, kama mtu aliyeamua, halafu nyamaza ungoje. Asipokwenda, ongeza mkono, si maneno. Akienda hata hatua moja, ondoa mkono papo hapo, hayo ndiyo malipo yake. Kila kitu kwa farasi kinajengwa hivyo, kubana kidogo na kuachia upesi, na anayechelewa kuachia ndiye anayemfundisha farasi ukaidi. Ukifikiria, mtoto anajifunza kuomba waziwazi, kuvumilia ukimya baada ya kuomba, na kushukuru kwa wakati. Watu wazima wangapi wa kule kwetu Kariokor wana hayo matatu?

Juu ya tandiko, kuna mengi ya mwili ambayo mwalimu atakueleza vizuri kuliko mimi. Nitataja moja. Watoto wote wanaanza kwa kutazama chini, kwenye shingo ya farasi, na farasi anapunguza mwendo, anapinda, anasimama. Wakiinua macho wakatazama wanakotaka kwenda, mabega hufuata, nyonga hufuata, na mnyama aliye chini yao anausikia mgeuko huo kupitia tandiko kabla hatamu haijaguswa. Mara ya kwanza binti yangu alipomgeuza Zabibu kwa macho na kiuno, alipiga kelele, "Baba, sijavuta!" Uwanja mzima ulisikia.

Alianguka pia. Ilikuwa kwenye mwendo wa matiti, ule wa kurukaruka kabla ya mbio, Zabibu akakwepa gunia lililopeperushwa na upepo, na binti yangu akatua mchangani kwa bega. Naeleza hili kwa sababu shule hupimwa siku ya kuanguka. Mwalimu alisimamisha farasi wote. Alipiga magoti, akamwambia alale hivyo hivyo, akamwuliza jina lake, siku, anaumwa wapi, akamwangalia shingo kabla ya kumruhusu aketi. Kofia yake ngumu ilikuwa imegonga ukingo wa uzio. Aliivua, akaikata mikanda kwa kisu mbele yetu na kuitupa, kwa sababu kofia iliyopigwa huweza kupasuka ndani bila kuonekana nje. Kofia ile si ya bei rahisi. Kisha akamwuliza kama anataka kupanda tena, kutembea na Zabibu kwa kamba, au kumaliza kwa leo. Wapo wanaoamini lazima mtoto arudishwe juu hapo hapo ili woga usikae. Sikubaliani nao. Binti yangu alichagua kumtembeza Zabibu hadi lile gunia, wakalinusa wote wawili. Juma lililofuata alipanda, na uamuzi ulikuwa wake.

Siku moja masaisi walikuwa wachache, nikaombwa niongoze farasi kwa kamba huku binti yangu amepanda. Kodi ya kibanda ilikuwa inanisumbua siku hiyo. Farasi akawa anainua kichwa, anapiga pua, hatulii, na binti yangu akaniambia kutoka juu, "Baba, pumua." Baadaye mwalimu alinisimulia utafiti uliofanywa Sweden na Linda Keeling na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009. Watu waliambiwa waongoze au wapande farasi kupita mahali fulani mara kadhaa, kisha wakaambiwa kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafla wanapopita. Mwavuli haukufunguliwa. Lakini mapigo ya moyo ya watu yalipanda kwa kuungojea, na ya farasi yakapanda pia, ingawa farasi hakuwa ameambiwa neno. Nikaelewa kwa nini pale hawamwambii mtoto ajifanye jasiri. Kujifanya hakumfikii farasi. Unachoweza ni kushusha pumzi kweli, kulegeza mikono kweli, naye atajua.

Kwenye ukuta wa chumba cha matandiko kuna picha ya zamani ya mwanamke juu ya farasi. Ni Lis Hartel wa Denmark. Alipatwa na polio mwaka 1944 akiwa mjamzito, akabaki amepooza kuanzia magotini kwenda chini. Mwaka 1952 kwenye Olimpiki ya Helsinki, mwaka wa kwanza ambapo wanawake waliruhusiwa kushindana na wanaume katika mchezo wa kumwongoza farasi kwa madaha, alipata medali ya fedha, na mshindi wa dhahabu, Henri Saint Cyr wa Sweden, akamsaidia kupanda jukwaani. Alisaidiwa kupanda farasi na kushuka, lakini akiwa juu alizungumza na farasi kwa mgongo na uzito wa mwili. Mwalimu huitumia picha hiyo kwa kila mzazi anayesema mtoto wake ni mdhaifu. Na hatamki tu. Katikati ya juma huja kijana mwenye mtindio wa ubongo, saisi mmoja anashika kamba, watu wawili wanatembea pande zote mbili wakishika miguu yake. Mwendo wa farasi anayetembea huisogeza nyonga ya aliyempanda karibu sawa na mtu anayetembea kwa miguu yake, ndiyo sababu wataalamu wa viungo huutumia. Mama yake anakaa kwenye benchi akiitazama ile miguu, wala hataki mazungumzo na mtu. Sikumsumbua.

Masomo ya jioni huisha mapema kuliko wengi wanavyotaka, na kuna mzazi alikasirika sana kwa hilo. Sababu ipo. Barani kwetu kuna ugonjwa hatari wa farasi unaoenezwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma kuanzia magharibi hadi alfajiri, na farasi asiyechanjwa akiupata mara nyingi hufa. Punda milia huubeba bila kuugua, na punda milia tunao kwenye mbuga ya taifa iliyo ndani ya jiji hili hili. Kwa hiyo farasi wanachanjwa kila mwaka na wanarudishwa bandani kabla jua halijazama. Mahali panapokupa somo la saa moja usiku nje kwenye uwanja, uliza maswali.

Sasa pesa. Somo la dakika arubaini na tano katika kikundi ni shilingi 3,000. La peke yako linazidi hapo. Nauli yetu ya kwenda na kurudi, pamoja na boda, hufanya siku iwe nzito zaidi. Sisi tunalipia Jumamosi moja tunaruka moja, na ile ya kuruka binti yangu huenda kufanya kazi za bandani bila malipo, shule inaruhusu watoto wenye umri wake. Nimeacha mambo mengine ili hili liwezekane na siwezi kukwambia kwamba kila mzazi wa Eastlands anaweza. Ni ghali. Farasi mmoja hula nyasi kavu mchana kutwa, ana daktari, ana fundi wa kwato anayekuja kila baada ya wiki sita hivi, ana chanjo, ana saisi wake. Bei naielewa, na bado inauma.

Malalamiko yangu mengine si madogo. Mvua za Aprili zikishuka ile barabara haipitiki, na somo likiahirishwa hurudishiwi pesa, unawekewa siku nyingine wanayochagua wao. Simu yao haishikwi, utatuma ujumbe na kusubiri hadi kesho yake. Wazazi tuna benchi moja bila kivuli. Kofia za watoto wenye nywele zilizosukwa hazitoshi vizuri, na kofia isiyokaa sawa haina kazi, kwa hiyo siku ya somo msuke mistari bapa au nunua kofia yenu.

Kubwa zaidi ni hili. Mwalimu anafundisha kwa Kiingereza karibu mwanzo hadi mwisho, na watoto wengi waliopo hushushwa na magari makubwa. Binti yangu, aliyekuja akiwa na aibu tayari, angepotea pale kama si masaisi wanaozungumza Kiswahili na kila mtu, farasi wakiwemo. Waliomfundisha kupita nyuma ya farasi, kusikiliza sikio, kungoja mguu, ni wao. Ile mbao ya ofisini yenye majina ya walimu na vyeti vyao haina jina la saisi hata mmoja. Saisi mzee anawajua wale farasi kwa namna watu wanavyojua watoto wao. Akimwona Zabibu anatazama ubavu wake na kukwaruza chini, anajua tumbo limeanza kabla daktari hajaitwa, na tumbo kwa farasi si mchezo kwa sababu hawezi kutapika. Mtu huyo ni mwalimu. Nimemwambia mwenye shule, nimemwandikia pia, na nitaendelea kumwambia hadi jina lipande kwenye mbao.

Je, binti yangu amebadilika? Bado ni mpole, na sikumpeleka akabadilishwe tabia. Lakini juzi kwenye gari la kurudi mjini, konda alikaa na chenji yetu kuanzia Dagoretti Corner. Nilikuwa najiandaa kudai. Binti yangu akasema, mara moja, kwa sauti ya kawaida, "Konda, chenji ya wawili bado." Akanyamaza, akamtazama. Konda akajifanya anahesabu noti. Binti yangu hakurudia. Chenji ikaja. Kibandani pia, mteja akivutana naye bei ya mshipi, siku hizi hutaja bei na kuacha kimya kifanye kazi, mahali ambapo mimi mwenyewe huanza kujitetea na kushusha. Mwalimu wake wa darasa anasema ameanza kujibu, si kila siku. Kwangu hiyo inatosha kuendelea kulipa.

Nawapa nne kati ya tano. Ya tano inasubiri ile mbao.

Ukitaka kujaribu, usianze kwa kulipa kifurushi cha masomo kumi, hata wakikupunguzia. Mpeleke mtoto kwanza Ngong Racecourse siku ya mbio, mara nyingi Jumapili, asimame karibu na uzio farasi wanapozungushwa kabla ya kukimbia. Mbio zimekuwa pale Ngong Road tangu 1954, na zile za zamani zilikuwa upande wetu wa mji, ndiyo maana Racecourse Road inapita hapa karibu na soko hadi leo. Mtoto atakayerudi nyuma kwa hofu na kisha akataka kusogea tena, huyo mlipie somo moja. Avae suruali ndefu na kiatu kigumu chenye kisigino kidogo, maana raba laini isiyo na kisigino inaweza kuteleza mguu mzima ndani ya kikuku. Beba karoti, na umpe saisi ndiye amgawie farasi, kwa sababu wengine wana mpango wao wa chakula. Nafasi za likizo ya Agosti hujaa mapema, tuma ujumbe mwezi wa sita. Na ukifika, kabla ya kuingia ofisini kutafuta risiti, mtafute saisi umsalimie.